Ng'ombe Hahesabiwi

Nilikuwa uani napepeta uwele simu ilipoita. Alikuwa mtoto wa kaka yangu, yule aliyebaki kule kwetu, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka Ilongero. Sauti yake ilikuwa ya chini, sauti ya mtu mwenye habari mbaya.

"Shangazi, shikamoo. Tumepata msiba. Mwalimu Naomi ametutoka. Tunazika kesho saa nane. Utakuja?"

"Marahaba. Siji."

"Shangazi jamani! Si ndiye aliyekufundisha kusoma?"

"Ndiye. Na ndiyo maana siji."

Nikakata simu. Najua nilimwonea kijana wa watu, hana kosa lolote. Lakini pumba za uwele zilikuwa zimenipanda puani, na harufu ya pumba za uwele kwangu mimi ni harufu ya darasa la kwanza. Chumba tulichosomea kilikuwa ghala kabla hakijawa darasa. Ukikaa chini, pumba zinakuwasha mapajani. Ukicheka sana, unakohoa. Nikakaa juu ya kinu, ungo mapajani, nikamkumbuka mwalimu wangu kwa hasira ambayo miaka yote hii haijaisha hata kidogo.

Watasema kesho makaburini kwamba alikuwa mwalimu mzuri. Ni kweli. Sijawahi kupata mwalimu kama yule, na nimekaa mbele ya walimu wengi. Angekuwa mbaya ningekwisha msahau. Mwalimu mbaya anakuchapa, unalia, unakwenda kuteka maji, yameisha. Aliyekupenda ndiye anayejua pa kukupiga. Wahenga hawakukosea waliposema kikulacho ki nguoni mwako.

Wenzangu mliosoma miaka ile ya kuhamia vijijini mnakumbuka mambo yalivyokuwa. Kiswahili kilikuwa lugha ya shule, ya redio na ya watu wa serikali. Nyumbani kwetu ilikuwa Kinyaturu tangu kukicha hadi kulala. Baba alikijua Kiswahili cha kujibia salamu na cha mnadani. Mama hakukijua kabisa. Mimi nilikwenda shule nikiwa na maneno mawili tu, "shikamoo" na "hapana", na la pili nilikatazwa kulitumia.

Kwenda kwenyewe hakukuwa kwa hiari ya baba. Kaka yangu alikwenda na ng'ombe wakubwa, na ndama walikuwa wangu. Mama ndiye aliyenipigania. Alikuwa na barua ya kaka yake aliyekwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge, na kila aliyemsomea ile barua alimsomea tofauti. Mmoja alisema kaka yake ni mgonjwa, mwingine akasema anaoa. Mama alikuwa amechoka kusomewa na watu wa nje.

"Ndama nitawachunga mimi mwenyewe kabla ya kwenda shamba," alimwambia baba. "Mwache mtoto aende."

Baba alifikiri siku mbili. Halafu akasema, "Mwaka mmoja. Akipandishwa darasa la pili, aendelee mpaka atakapofika. Asipopandishwa, arudi kwa ndama, na nisisikie tena habari za shule hapa kwangu."

Kwa hiyo mwaka mzima nilikuwa na jambo moja kichwani, nalo ni darasa la pili. Darasa la pili walikaa kwenye mabenchi. Darasa la pili waliandika kwa penseli. Nilikuwa nikipita mlangoni kwao nachungulia mabenchi yale mpaka nafukuzwa.

Mwanzoni alitufundisha mwalimu mkuu mwenyewe, mtu mrefu aliyetoka mkoa mwingine, asiyejua neno moja la kwetu. Siku ya hesabu alichora ng'ombe ubaoni, ng'ombe watano wazuri wenye mapembe, akatunyooshea fimbo yake: "Hesabuni!" Sisi kimya. Akadhani hatujaelewa, akanyoosha kidole kwa ng'ombe wa kwanza, akasema, "Moja! Haya, semeni!" Wengine tukafunga macho.

Mtoto wa mjini hataelewa hili. Kwetu ng'ombe hahesabiwi. Humnyooshei kidole ng'ombe ukasema huyu mmoja, huyu wa pili. Ukifanya hivyo unaliitia zizi fisi na maradhi, na baba yako akikusikia utaisoma namba. Jioni baba alisimama mlangoni pa zizi, akawaangalia wakiingia, akasema tu, "Yule mwekundu mwenye tumbo jeupe yuko wapi?" Alikuwa anawajua wote kwa rangi zao, mapembe yao na mama zao, kama mtu anavyowajua watoto wake. Nani anahesabu watoto wake? Basi sisi wote arobaini tulikaa kimya kulinda mifugo ya baba zetu, na mwalimu mkuu akatuchapa wote arobaini kwa ujinga.

Baada ya wiki chache akaja Mwalimu Naomi. Alikuwa msichana, ametoka chuoni, na alizaliwa ng'ambo ya kilima chetu. Mama alimjua mama yake. Siku ya kwanza aliingia, akatuamkia kwa Kiswahili, akatuuliza jambo kwa Kiswahili, sisi tukamkodolea macho. Akaenda mlangoni, akachungulia nje kushoto na kulia, akaufunga mlango. Halafu akageuka, akasema kwa Kinyaturu, kwa lafudhi ile ile ya mama yangu:

"Haya watoto, nani kwao wana ng'ombe asiye na pembe?"

Lo! Mikono ilipanda yote. Nilisimama kabisa. Nilikuwa sijui kwamba mwalimu anaweza kuwa na mama.

Alituletea mawe kumi kutoka korongoni. Moja alilipaka mkaa, jingine majivu, jingine udongo mwekundu, jingine madoa. Akayapanga chini juu ya sakafu tuliyokuwa tumeisiriba wenyewe kwa samadi. "Hili ni zizi," alisema. "Watazameni vizuri. Sasa fumbeni macho, ni jioni, wanarudi." Alikuwa anaondoa mawe matatu, manne, halafu tunafumbua. "Nani hajarudi?" Tunawataja kwa rangi, kwa kelele, tunagombana. Mweusi! Mwenye madoa! Yule wa majivu! Tukimaliza kuwataja ndipo anauliza, "Waliopotea ni wangapi?" Tunasema kwa Kinyaturu. Mwisho kabisa, polepole, kama mama anayemwonjesha mtoto uji, anasema, "Na kwa Kiswahili tunasema tatu. Semeni tatu."

Tatu. Kilikuwa Kiswahili cha kwanza kuingia kichwani mwangu kikakaa. Kabla mvua hazijaisha nilikuwa najua kujumlisha, kutoa, na kuandika jina langu, Hadija, na nilikuwa naelewa Kiswahili kizima kizima bila kujua kimeingia lini. Alisema mbele ya wote, "Hadija ndiye mchungaji wangu mkuu." Nilimpenda yule mwanamke jamani. Nilikuwa napita njia ya mbali ili nimbebee madaftari. Nilijifunza kutembea kama yeye, nikipiga hatua ndogo ndogo, mpaka mama akaniuliza kama nimechomwa na mwiba.

Sasa ngoja niseme wazi, maana hapa ndipo wengi hunikatiza. Husema, lakini si mlijua kuwa kufundishwa kwa Kinyaturu ni siri? Hatukujua. Hakutuambia. Angeniambia nyamaza, ningenyamaza mpaka leo. Mlango ulifungwa, ndiyo, lakini mimi nilidhani unafungwa kwa sababu ya upepo na mbuzi. Akili ya mtoto. Sikuwahi kujiuliza kwa nini mwalimu mkuu akipita barazani, Mwalimu Naomi anatuanzishia wimbo wa Kiswahili katikati ya hesabu. Nilidhani anapenda kuimba.

Karibu na mwisho wa mwaka akatuambia kwamba atakuja mgeni mkubwa kutoka Singida mjini, mkaguzi. Akatufundisha kusimama pamoja na kusema, "Shikamoo Ndugu Mkaguzi." Akatufundisha nyimbo mbili mpya. Na akasema maneno haya, nayakumbuka kama ya jana: "Mgeni akija, mwonyesheni yote niliyowafundisha."

Yote. Mtoto mdogo ukimwambia yote, yeye anaelewa yote.

Mkaguzi alikuja na landrova. Alikuwa mnene, mpole wa sura, amevaa suti ya mikono mifupi, na kwapani alikuwa na faili. Nilidhani lile faili ni la kuandika majina ya watakaokwenda darasa la pili, nikajipangusa pua nionekane vizuri. Tukasimama, tukaamkia, tukaimba. Mwalimu mkuu alikaa nyuma kwenye kiti. Mwalimu Naomi alisimama pembeni ya ubao na chaki mkononi, na mlango ulikuwa wazi.

Mkaguzi akachora ng'ombe kumi. Hodi, nikasema moyoni, hili langu.

"Nani atanijibu?" alisema. "Ng'ombe ni kumi. Watatu wametoka zizini. Wamebaki wangapi? Njoo hapa uwahesabu."

Mkono wangu ulipanda kabla hajamaliza. Nikaenda mbele. Akanipa fimbo nimnyooshee ng'ombe wa kwanza. Nikairudisha fimbo yake kwa mikono miwili, kwa adabu, nikamwambia kwa Kinyaturu, kama nilivyofundishwa:

"Kwetu hatuwahesabu kwa kidole. Niambie walioondoka ni wa rangi gani, nitakuambia waliobaki."

Akanikodolea macho. Nikaona mgeni hajui mchezo, nikamsaidia. Nikachagua mwenyewe. Nikasema, tuseme ameondoka mweusi, na mwenye madoa, na asiye na pembe. Nikafumba macho nikawaona. Nikawataja waliobaki mmoja mmoja kwa rangi zao, bila kusita, nikafumbua macho, nikasema kwa Kinyaturu kwamba ni saba. Nilikuwa navuta pumzi niseme saba ya Kiswahili, maana Kiswahili kwetu kilikuja mwisho. Sikufikishwa hapo.

Mkaguzi alimgeukia Mwalimu Naomi. "Huyu anasema nini?"

Nilimtazama mwalimu wangu nikitabasamu. Nilijua anachotaka kusema. Alikuwa na maneno yote mawili mdomoni, ya kwangu na ya mkaguzi, hakuna mtu mzima mwingine mle ndani aliyekuwa nayo.

"Hata mimi simwelewi, Ndugu Mkaguzi," alisema. "Ni kilugha cha kwao. Nimemkataza mara nyingi. Huyu mtoto ni mzito."

Maneno hayo niliyaelewa yote. Alinifundisha Kiswahili vizuri.

Mkaguzi akatikisa kichwa, akafungua faili lake, akaandika. Mwalimu mkuu akakohoa kule nyuma. Mwalimu Naomi akachukua fimbo ile ile niliyoirudisha, akaniambia nyoosha mkono, akanichapa viboko viwili mbele ya darasa. Hakunichapa kwa nguvu. Hilo nalo limenikera miaka yote, kwamba hata kunichapa hakunichapa kama mtu anayeamini alichosema.

Nadhani mtasema nilichukia siku ile ile. Wala. Nilirudi kukaa nikiwa na uhakika kwamba huu ni mchezo mwingine, wenye mwisho wake. Nilikaa siku nzima nikimsubiri anikonyeze. Landrova ikaondoka, nikasubiri. Tukafagia darasa, nikasubiri. Nikambebea madaftari mpaka nyumbani kwake, akanipokea bila kunitazama, akasema, "Nenda kwenu, Hadija, jua linazama." Nikajiambia, atanipandisha darasa. Yeye ndiye anayejua kwamba nilijibu sawa.

Siku ya kufunga shule mwalimu mkuu alisoma majina ya wanaokwenda darasa la pili. Akaanza na wavulana. Kisha wasichana. Alisoma jina la Mwanne, ambaye mpaka siku ile alikuwa akiandika tatu kichwa chini. Alisoma majina mpaka karatasi ikaisha, akaikunja akaitia mfukoni. Mimi nilikuwa bado nimesimama nikidhani ataifunua tena.

Nilikwenda nyumbani peke yangu. Baba hakunigombeza. Alisema tu, "Basi," akanionyesha fimbo ya ndama ilipoegemezwa. Mama alikuwa anasaga, aliendelea kusaga, lakini niliona unga unamwagika nje.

Siku ya tatu Mwalimu Naomi akaja kwetu, na sukari kidogo imefungwa kwenye karatasi. Mama akampa kigoda. Mimi nilikuwa nyuma ya ukuta wa nyumba yetu ya tembe, pamoja na ndama, nasikia yote. Waliamkiana kwa Kinyaturu, salamu zile ndefu za kuulizana mpaka mbuzi, na sauti yake ilikuwa ile ile ya nyuma ya mlango uliofungwa. Mama akamkatisha.

"Mwalimu, mimi sikusoma, sijui mambo yenu. Niambie jambo moja tu. Mwanangu siku ile alijibu sawa ama hakujibu sawa?"

"Alijibu sawa, mama Hadija."

"Basi mwandike aende na wenzake."

"Siwezi."

"Huwezi kwa nini?"

"Nikisema alijibu sawa, wataniuliza nilijuaje. Nilikwisha sema simwelewi." Akaanza kulia. "Mama, wanatufukuza kazi kwa jambo hili. Baba yangu amekufa, nina wadogo zangu wanne. Ningefanyaje?"

Nilimsikia akilia, na sikumwonea huruma. Kumbe aliniacha kwa sababu anajua ninaweza. Asingalijua, ningalikwenda! Mwanne alipanda kwa sababu hakuna aliyemwonea haya. Mimi nilibakizwa ili uongo wa mtu mzima usimame wima. Mtoto wa miaka minane. Mpaka leo nikifika hapo nataka kuvunja kitu.

Baba alikuwa zizini. Naye alisikia. Akaja akasimama mbele ya mwalimu, mikono yake ina maziwa.

"Kumbe alijibu," alisema.

"Alijibu, baba. Ndiye bora kuliko wote."

"Mwalimu, mimi ng'ombe wangu akikamatwa, nikaulizwa ni wako, nikasema simjui, wanaondoka naye. Hata nikilia baadaye." Akajipangusa maziwa mikononi. "Atarudi mwaka mmoja. Huo tu. Ukimkana tena usije hapa na sukari."

Ndivyo nilivyorudi darasa la kwanza. Na kwa kuwa balozi wa nyumba kumi alikuwa akipita kuandikisha watoto, safari hii nilikwenda na mdogo wangu Zena. Zena alikuwa na miaka saba, ana pengo mbele, mwoga wa kila kitu isipokuwa mimi. Alitembea ameshika ncha ya kanga niliyojifunga, njia nzima.

Mwalimu Naomi alikuwa amebadilika. Mlango ulikuwa wazi tangu asubuhi hadi jioni, umewekewa jiwe usijifunge. Yale mawe kumi sikuyaona tena. Alifundisha Kiswahili kitupu, haraka haraka, kwa sauti ya mwalimu mkuu, na watoto wadogo walikaa juu ya pumba wakimkodolea macho kama sisi tulivyofanya mwanzo. Na kulikuwa na sheria mpya ya shule nzima. Kila darasa lina kiranja, kiranja ana kibao cha kuandikia, na kila anayesema kilugha jina lake linaandikwa. Kiranja akificha jina, anavuliwa ukiranja na kupewa viboko vya wote.

Aliniita pembeni, wiki ya kwanza. Alisema nami kwa Kiswahili. "Hadija, wewe ndiye pekee unayejua kuandika. Utakuwa kiranja. Fanya kazi hii vizuri, na mwisho wa mwaka hakuna atakayekuzuia." Nadhani alitaka kunilipa. Nadhani ndivyo alivyojua kulipa.

Nami niliandika. Sitawadanganya, umri wa kudanganya umenipita. Niliandika watoto wa majirani, niliandika waliolilia maji kwa Kinyaturu, na mmoja aliyeota usingizini akamwita mama yake. Niliona wakichapwa nikahesabu siku zilizobaki. Zena tu ndiye sikumwandika. Alikuwa akinong'ona sikioni kwangu, "Dada, amesema nini?" na mimi namjibu bila kufungua midomo.

Mwaka ule nilipandishwa darasa la pili, nikakaa kwenye benchi, nikaandika kwa penseli. Niliendelea mpaka nikafika nilikofika. Zena hakumaliza hata muhula wa kwanza. Alirudi kwa ndama, kwa sababu ya siku moja tu, na hajui kusoma mpaka leo hii ninapozungumza nanyi. Watu hunisifu kwamba nilirudia darasa nikashinda. Hawajui nilishindaje.

Ilikuwa siku ya hesabu. Mwalimu mkuu alikuwa amesimama mlangoni, mikono nyuma. Mwalimu Naomi akachora ng'ombe ubaoni. Akamtazama Zena, akasema kwa Kiswahili, "Wewe. Njoo uwahesabu. Nyoosha kidole."

Zena akasimama. Neno "kidole" alilijua, na ng'ombe aliwaona. Akanigeukia mimi, na kwa sauti yake yote, mbele ya wote, akasema kwa Kinyaturu, "Dada, anataka niwanyooshee kidole! Baba si atakasirika? Nifanyeje?"

"Kiranja!" alisema mwalimu mkuu. "Nani amesema kilugha?"

Nilimtazama Mwalimu Naomi. Alijua maana ya kila neno. Angeweza kusema tu, mtoto anauliza ruhusa. Nami ningeweza. Tulikuwa wawili mle ndani wenye maneno yote mawili mdomoni. Yeye akageukia ubao, akaanza kumrefusha pembe ng'ombe aliyekwisha kamilika. Nami nikaona mabenchi.

Nikachukua kibao changu, nikaandika Zena, herufi nne, kwa mwandiko mzuri, nikakiinua juu wote waone.

Zena alinitazama akatabasamu, pengo lote nje. Hakujua kusoma. Alipoitwa mbele alikwenda bado ananiangalia mimi, na aliponyooshwa mkono akachapwa, hakulia mpaka cha tatu.

Njia nzima alikuwa ameshika ncha ya kanga kwa mkono ambao haukuvimba. Nilikuwa natafuta la kumwambia mama, nikalikosa. Tulipofika mama alikuwa anakamua. Akamwona Zena, akaacha kibuyu, akamshika mkono akaugeuza.

"Nani amekufanya hivi?"

"Mwalimu mkuu," Zena alisema. "Lakini mama, dada alinitetea. Aliniandikia kwenye kibao, akakiinua juu kabisa, wote wakasoma. Wao ndio walikataa tu."

Mama alinitazama muda mrefu, macho yamejaa maji. Kisha akachukua kata, akachota maziwa ya juu, yale yenye povu, ya moto, ambayo siku zote yalikuwa ya baba.

"Ahsante, mwanangu," alisema. "Ndiyo maana nilitaka mmoja wetu ajue kuandika."

Nikayapokea kwa mikono miwili, nikanywa yote.